Neno Moja Kuhusu Nyiramana

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na nne, na kumi na tatu kati ya hizo hazikuwa na tatizo lolote. Zilieleza upana wa stoo yetu, idadi ya madirisha, hali ya bati, na kwamba ushirika una wanachama themanini na mmoja, jambo ambalo tulikuwa tunalijua. Ukurasa wa kumi na mbili ndio uliotuharibia wiki. Hapo iliandikwa kwa Kiingereza kwamba mtunza stoo ni *surly*, na kwamba apatikane mtu mwingine kabla mradi unaotufadhili haujatuwekea bati jipya. Jibu lilitakiwa Jumatatu, kwa maandishi.

Mimi ndiye mwandishi wa ushirika. Naitwa Bahizi, lakini hapa Mbugangari wananiita Mwalimu, kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na mitatu, tisa ya mwanzo huko Ngara, Tanzania, nilikozaliwa, na iliyobaki hapa Gisenyi, Rwanda. Ushirika wenyewe ni wa wanawake wanaovusha mboga kwenda Goma kila siku kwa mlango wa Petite Barrière. Mwanamume ni mimi peke yangu, na niliingizwa kwa sababu ya mwandiko. Mikutano tunaiendesha kwa Kiswahili kwa kuwa wanachama kumi na tisa wanaishi ng'ambo ya mpaka, na mihtasari naiandika kwa Kiswahili chenye ngeli zote. Hakuna anayeisoma.

Mtunza stoo ni Nyiramana. Ana miaka hamsini na sita. Kabla ya stoo alikuwa akibeba mizigo mgongoni pale mpakani, mpaka goti lake la kushoto likakataa. Akitolewa stoo hana pa kwenda ila kurudi kwenye mizigo, na goti halijabadilisha msimamo.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Mboga ambazo hazikuuzwa jioni hulala stoo. Ukileta gunia, Nyiramana anachana kipande cha kitenge, anakikata katikati, nusu anaifunga kwenye mdomo wa gunia na nusu anakupa wewe. Asubuhi unarudi na nusu yako. Anaziweka mbili pamoja, anatazama kama ua limekutana na ua, kisha anakuburutia gunia lako. Huna nusu, huna gunia. Prezidante wetu mwenyewe, Nyirahabimana, aliwahi kurudishwa nyumbani Rugerero kwa miguu, mvua ikinyesha, kwenda kutafuta kitambaa alichokisahau chini ya mto wa kitandani.

Yote haya Nyiramana anayafanya bila kucheka na mtu. Ukimsalimia mwaramutse, anakujibu, "Kitambaa." Ukimuuliza watoto hawajambo, anakujibu, "Kitambaa." Kabla yake tulikuwa na Liliane, ambaye alimjua kila mwanachama kwa jina la mtoto wake wa kwanza na alikuwa na kicheko cha kukufanya usahau jua. Katika mwaka mmoja wa Liliane tulipoteza magunia kumi na moja. Katika miaka miwili ya Nyiramana hatujapoteza hata kitunguu.

Alhamisi kamati ilikaa barazani pa stoo kusoma ripoti. Kamati ni Prezidante na mimi. Wa tatu alikuwa amevuka kuuza.

"Mwalimu," akasema Prezidante, "ile neno inasema nini?"

"Si neno zuri."

"Mi najua haiko muzuri, wanataka kumufukuza mutu juu yake. Nauliza inasema nini."

Nikakiri kwamba sijui. Nilifundisha hesabu na Kiswahili, na Kiingereza kilipoingia mashuleni kwa nguvu mimi nilikuwa natoka.

"Bon. Kuko kitu ingine," akasema. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, lakini alinitazama kwa juu yake. "Huyu bwana wa ripoti alikuja mardi, ile Jumanne. Mardi Nyiramana alikuwa Goma, kwa kilio ya shangazi yake. Hakumuona hata kwa macho. Donc, nani alimuambia?"

Nikaliandika swali hilo kwenye muhtasari. Nililiandika kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yangu.

Nani alimwambia? Mimi.

Nitaeleza, kwa sababu kila jambo lina maelezo. Wiki mbili kabla ya bwana huyo kuja, mke wangu Kayitesi alipatwa na homa. Yeye pia ni mwanachama, na alikuwa na gunia la vitunguu stoo. Asubuhi nilimwona bado amelala, nikasema moyoni, leo nimsaidie. Sikumwamsha. Nikaenda stoo, nikapanga foleni nyuma ya wanawake wapatao ishirini, na zamu yangu ilipofika nikamsalimia Nyiramana kwa heshima zote.

"Kitambaa," akasema.

Nikamweleza habari ya homa.

"Kitambaa."

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwandishi, na kwamba sheria ya kitambaa niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Basi unaijua," akasema, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Mmoja katika foleni alicheka. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikamweleza Kayitesi. Akasema pole, akageukia ukutani.

Kwa hiyo yule bwana wa tathmini aliponikuta barazani siku ile ya Jumanne, kijana wa Kigali mwenye viatu visivyojua tope, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama wanachama wanahudumiwa vizuri, nilimjibu. Nilimjibu kwa dakika kama ishirini. Nilidhani tunaongea tu. Nilisema maneno mengi, na yeye, kama tulivyokuja kuona, aliandika moja.

Prezidante akaamua niende kwa Muhire kuuliza maana ya neno. Muhire alikulia Mbarara, Uganda, na sasa ni mtu wa mapokezi katika hoteli moja kando ya ziwa. Nilimkuta nyuma ya meza yake, na tai shingoni, akisoma kwenye kompyuta malalamiko ya mgeni juu ya mto mgumu. Kazi hiyo imemfundisha maneno yote ya Kiingereza ya watu waliokasirika na ya watu waliowakasirisha.

"Mzee, hiyo word naijua sana," akasema. "Wageni wanaitumia. Unajua, kuna *grumpy*, huyo ni mtu ameamka vibaya, kesho atapona. Kuna *rude*, huyo anakutukana. Sasa *surly* hakutukani. Anakujibu tu kama vile umekuja kuomba chumvi kwake mara ya tatu."

Nikaona mara moja kwamba bwana wa tathmini anajua kazi yake. Nyiramana alikuwa pale mzima mzima, na mkebe wa chumvi mkononi.

"Na limetoka wapi neno lenyewe?" nikauliza. Sikuwa na sababu ya kuuliza. Ni tabia ya ualimu.

Muhire akatafuta kwenye simu, akasoma kimya, nyusi zikapanda. "Eh. Mzee, hii imetoka kwa *sir*. Sir, bwana mkubwa. Zamani za kale ilikuwa mtu wa kujiweka kama bwana mkubwa. Kibwana bwana. Halafu ikawa mtu wa maringo. Halafu pole pole ikawa huyu wa chumvi."

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Lilikuwa vilevile.

Njiani kurudi nililitafakari neno hilo kuliko nilivyotafakari neno lolote tangu nistaafu. Maana yake ni kwamba huko Uingereza, bwana mkubwa asipoitikia salamu, hiyo ilikuwa hadhi. Walioitwa mabwana wakapungua, tabia ikabaki, ikawashukia watu wa chini, na ilipofika kwa mtunza stoo ikawa kosa la kufukuzwa kazi. Niliona hapo kuna dhuluma. Niliona pia, nisiseme uongo, kwamba hapo kuna njia ya kupita. Kama nitasimama mbele ya wanachama na kuwaeleza kwamba neno hili asili yake ni ubwana, watacheka, watasema ni sifa, tutaandika jibu la kushukuru, Nyiramana atabaki na funguo zake, na hakuna atakayekuwa na haja ya kuuliza tena nani alimwambia. Nilifika nyumbani nikiwa na furaha. Kayitesi akaniuliza nimekula nini huko hotelini.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, kwa hiyo watu walitoka moja kwa moja kwenye kusafisha mitaro wakaja na majembe yao, wakayaegemeza ukutani. Walikuja hamsini na saba. Kayitesi alikaa katikati, juu ya gunia lililokunjwa. Nyiramana alisimama mlangoni pa stoo, funguo kiunoni; stoo ikiwa wazi huwa hakai.

Prezidante akaeleza jambo lenyewe kwa ufupi, akanipa nafasi. Nikasimama, nikaanza na Uingereza. Nikawaeleza habari ya mabwana wakubwa, mashamba yao na farasi wao, na jinsi ambavyo mtu wa aina hiyo hakulazimika kucheka na mtu. Nikasema wataalamu wa maneno wanakubaliana kwamba neno hili lilianzia huko, juu kabisa. Walicheka kama nilivyotarajia.

"Wamemupa cheo!" akasema mmoja.

"Bwana Nyiramana, utupunguzie ubwana asubuhi!" akasema mwingine, na kicheko kikaanza upya.

Nilikuwa naelekea kwenye jibu la kushukuru. Nilikuwa hata nimelitayarisha.

"Mwalimu." Ni Nyiramana, kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Hao mabwana walishakufa?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Basi uwaache. Leo inasema nini?"

Nikatazama karatasi yangu, na kwenye karatasi yangu kulikuwa na mabwana tu.

"Leo," nikasema, "ni mtu wa kununa. Asiyependa watu. Anayejibu kwa mkato."

Nyiramana akafikiri. Alifikiri kwa namna ileile anayolinganisha nusu mbili za kitenge, bila haraka.

"Kununa, ni kweli," akasema. "Kujibu, ni kweli. Kupenda batu, huyo bwana hakuniuliza."

Kisha akafungua funguo kiunoni, akaja akichechemea mpaka mezani kwangu, akaziweka juu ya karatasi ya Uingereza. "Bati inavuja pale kwa karoti na pale kwa nyuma. Kama wanasema bati inakuja mi nikienda, bon, mi nimeenda. Musiloweshe mali ya batu juu yangu."

Nilizitazama zile funguo. Zilikuwa tatu, na kamba yake ilikuwa ya kitenge. Niliona aibu, na sitaki kuipamba: masikio yaliniwaka, kama mwanafunzi aliyekutwa na kalamu ya mwenzake. Goti la mwanamke yule lilikuwa mbele ya macho yangu, nje ya meza, limevimba.

"Ni mimi," nikasema.

Prezidante akavua miwani.

"Yule bwana hakumwona Nyiramana. Ni mimi niliyemwambia. Maneno yote ni yangu, yeye kazi yake ilikuwa Kiingereza." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikashindwa kuacha. Nikaeleza homa, foleni, kicheko. Nikasema nilikasirika, na kwamba nilikuwa na haki ya kukasirika kidogo, kwa sababu lile gunia lilikuwa la mke wangu wa ndoa, na mimi si mwizi.

Nilipotaja mke wa ndoa, Kayitesi akasimama. Kayitesi alikulia Goma, na mkutanoni huwa hasemi.

"Ni mi nilimuambia asikupe," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Siku Nyiramana alianza hii kazi, mutu wa kwanza kumufuata ni mi. Nilimuambia, gunia yangu, hata bwana yangu Baba Mwiza akikuja analia, hata akikuja na pasteri, bila kitambaa usimupe. Na kitambaa mi naweka mahali hawezi kuona." Aliwageukia wengine, kama mtu anayeomba radhi. "Juu ya viazi ya arusi."

Hapa yafaa nieleze kuhusu viazi. Wakati wa Liliane binamu yangu alioa, na watu wa Ngara walikuwa wanakuja, na mtu hawezi kupokea watu wa Ngara kwa mikono mitupu. Kayitesi alikuwa na gunia la viazi stoo. Nilikwenda kulichukua. Liliane alicheka, akaniuliza habari za Mwiza, binti yetu, akanisaidia kulipakia kwenye baiskeli. Nilikusudia kumwambia Kayitesi, lakini arusi ina mambo mengi. Mwisho wa mwezi alipolalamika mkutanoni kwamba gunia lake halionekani, nililiandika kwenye muhtasari pamoja na mengine kumi: limepotea. Mimi nililisahau. Sikujua kwamba yeye alijua.

Sikulazimika kueleza yote hayo mkutanoni. Kayitesi aliyaeleza, kwa maneno machache kuliko mimi.

"Na mi nilimuambia hivyo," ikasikika sauti kutoka nyuma. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo, muuza kabichi. "Juu ya shemeji."

"Na mi. Juu ya mama mukwe."

Prezidante akavaa tena miwani. "Musiongee pamoja. Munyooshe mukono, kila mutu mwenye alimuambia Nyiramana asipe mutu wa nyumba yake. Mwalimu, hesabu."

Nikahesabu mikono. Nikahesabu mara ya pili, kwa sababu mkono mmojawapo ulikuwa wa Prezidante mwenyewe. Ilikuwa thelathini na minne. Wanawake thelathini na wanne walikuwa wameacha stoo, pamoja na mboga zao, maneno ambayo hawakuweza kuyasema nyumbani, na Nyiramana alikuwa ameyachukua na kuyasema kwa niaba yao kila asubuhi kwa miaka miwili, kwa neno moja, akiangaliwa kwa jicho baya na waume wa watu. Na mimi nilidhani ni hasira zake.

"Nyiramana," akauliza Prezidante, "juu ya nini hukusema?"

"Waliniambia nisiseme," akajibu Nyiramana.

Jibu kwa mradi liliandikwa palepale. Prezidante alisema, mimi nikaandika, na kila nilipotaka kuongeza neno aliniangalia. Lilisema kwamba tumeipokea ripoti. Lilisema kwamba ni kweli mtunza stoo wetu ananuna, na kwamba tulimchukua kwa ajili hiyo, na hatutaki mwingine. Lilisema kwamba kama bati haliwezi kuja kwa mtu wa kununa, basi tutapanga karoti upande usiovuja. Waliokubali walinyoosha mikono: hamsini na sita. Nyiramana hakunyoosha kwa sababu jambo lilimhusu.

Akaja kuchukua funguo zake. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, na yalikuwa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho.

"Nyiramana," nikaanza, "nilikukosea."

"Ndiyo," akasema. Akafunga kamba kiunoni, akawageukia wote. "Mutoke kwa mulango, nataka kufunga."

Watu wakachukua majembe yao. Kayitesi na mimi tukapanda njia ya nyumbani, yeye mbele kidogo, gunia lililokunjwa kwapani. Pikipiki zilikuwa zinatupita na abiria wa mpakani. Nilingoja aseme kitu juu ya viazi, hakusema. Mwishowe nikauliza mimi.

"Mama Mwiza, kwa nini hukuniambia mwenyewe? Miaka miwili. Ungeniambia tu, Bahizi, usiguse gunia langu."

Hakugeuka. "Ningekuambia, ungenuna mwezi muzima," akasema. "Mi nakula na we, nalala na we. Nyiramana hana ile shida."

Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayetaja bei. Sikumjibu. Tulipita kanisa sikumjibu, tukapita duka la simu, tukavuka barabara ya lami. Aliniuliza kama nitakula isombe au maharage, sikumjibu. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, anatafuta ufunguo, nilipogundua kwamba nimenuna.